Mtoto Aliyegoma Kukanyaga: Mambo ya Kufanya na Kutofanya, Kilosa na Mikumi

Orodha hii haibembelezi mtu. Ni ya wazazi, ya wahudumu wa zahanati na vituo vya afya wilayani Kilosa, na ya watafiti wanaoshuka Mikumi na makabrasha yao, wawe wametoka Dar es Salaam au Ulaya (ile ya ng'ambo, si Ulaya yetu iliyo njiani kutoka Kilosa mjini kwenda Mikumi). Inahusu mambo matatu yanayoonekana hayana undugu: maumivu ya nyonga kwa mtoto, mdomo sungura, na makovu. Undugu wao ni muda. Nyonga yenye usaha huhesabiwa kwa saa, mdomo kwa wiki na kilo, kovu kwa miezi. Wengi wetu tumezigeuza hesabu hizo juu chini: penye haraka tunasubiri, penye subira tunakimbia.

NYONGA

Usimwambie mtoto aliyegoma kukanyaga kwamba anadeka. Mtoto wa miaka minne aliyekuwa akikimbia jana, leo anataka kubebwa, hafanyi maringo. Kuna kitu kinamuuma, na mpaka ithibitike vingine, kitu hicho kiko nyongani.

Shika nyonga hata kama analalamikia goti. Neva inayobeba hisia za nyonga hubeba pia hisia za upande wa ndani wa paja na goti. Kwa hiyo mtoto anaonyesha goti, goti linapigwa picha, picha inatoka safi, na wote wanarudi nyumbani wameridhika. Fanya hivi. Tandika kanga, mlaze chali, mama akae upande wa kichwani. Anza na mguu mzima ili mtoto ajue hutamtendea ubaya. Weka kiganja juu ya paja, uviringishe mguu wote taratibu, kuelekea ndani kisha nje. Halafu nenda kwenye mguu unaouma. Usiutazame mguu, tazama uso. Nyonga iliyojaa maji au usaha haikubali kuviringishwa kuelekea ndani, na mtoto atakunja uso kabla hajalia. Mara nyingi utamkuta ameshaukunja mguu mwenyewe na kuuacha umelalia nje, kwa sababu hapo ndipo kiungo kinapopata nafasi.

Kichanga hasemi, ila nepi inasema. Mguu mmoja ukilala tu huku mwenzake ukirusha mateke, na akapiga yowe ukiuinua, usiseme ni chango. Apelekwe hospitali leo, si baada ya arobaini.

Usiiache nyonga kwa sababu kipimo cha malaria kimesoma chanya. Hapa ndipo watoto wengi wanapopotelea, na ninawaomba wahudumu wasome kifungu hiki mara mbili. Kilosa ni nchi ya malaria. Kipimo cha haraka kinasaka protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya vimelea vyenyewe kufa. Mtoto ana homa ya nyuzi 39, mistari miwili imetokea, anaandikiwa dawa mseto, na swali la kwa nini hatembei linazikwa pale pale dirishani. Malaria huuma mwili mzima. Haichagui nyonga moja ikaiacha nyingine. Itibu malaria, kisha andika rufaa ya nyonga siku hiyo hiyo. Usaha ndani ya kiungo huanza kula gegedu ndani ya saa chache, na mgandamizo wake hubana mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja. Kichwa hicho kikifa, mtoto atachechemea mpaka uzeeni. Tiba yake ni kukifungua kiungo na kukiosha, pamoja na antibiotiki kwa wiki kadhaa. Hakuna njia ya mkato.

Hesabu dalili nne. Mwaka 1999 daktari Mininder Kocher na wenzake wa Boston, Marekani, walitoa kanuni ya kutenganisha nyonga yenye usaha na ile iliyovimba kwa muda tu, ambayo mara nyingi hufuata mafua na hupona kwa mapumziko na dawa ya maumivu ndani ya wiki moja au mbili. Dalili zao ni hizi: homa inayozidi nyuzi 38.5, kushindwa kukanyaga, chembe nyeupe za damu zaidi ya 12,000, na chembe nyekundu kutuama milimita 40 au zaidi kwa saa. Mtoto mwenye dalili moja ana uwezekano wa asilimia 3 wa kuwa na usaha. Mwenye mbili, 40. Tatu, 93. Nne, 99.6. Mwaka 2006 watafiti wengine wakaonyesha kwamba protini ya CRP inayozidi miligramu 20 kwa lita nayo ni ishara nzito. Sasa tazama vizuri: mbili kati ya zile nne hazihitaji maabara. Zinahitaji kipimajoto na macho. Zahanati isiyo na mashine hata moja inaweza kumwona mtoto mwenye uwezekano wa asilimia 40, na asilimia 40 inatosha kabisa kumpandisha garini.

Usizisome namba za Boston kana kwamba zilipimwa Kilosa. Kocher mwenyewe alipoijaribu tena kanuni yake kwa watoto wengine, mwaka 2004, ile 99.6 ilishuka hadi 93. Mwaka huo huo madaktari wa St. Louis waliipima kwa watoto wao wakapata 59. Hiyo ni Marekani ile ile moja. Huku kwetu homa inaweza kuwa ya malaria. Selimundu hupandisha chembe nyeupe hata siku ambayo mtoto hana maambukizi, na hushusha kasi ya chembe nyekundu kutuama, hivyo dalili mbili zinasema uongo kwa pamoja. Kifua kikuu cha nyonga huja polepole bila homa kali. Na kwa wafugaji wa Parakuyo na Twatwatwa, kama kwa yeyote anayekunywa maziwa mabichi, kuna brusela, ugonjwa uleule unaotupisha mimba ng'ombe, ambao kwa mtoto hupenda sana kukaa nyongani. Kanuni hii inakuambia nani akimbizwe. Haikuambii nani aachwe.

Usimpe nusu dozi ya antibiotiki ya duka la dawa "kumtuliza kwanza". Inaficha homa, inaua wadudu wa juu juu, na maji ya kiungo yakija kuvutwa hospitali hayaotishi kitu maabara. Daktari anabaki kubahatisha dawa. Pale ambapo safari ni ndefu na mtoto amezidiwa, anayemtuma ndiye aamue kuanza dawa, naye aandike kwenye karatasi ya rufaa jina la dawa, kipimo na saa.

Usimkande. Usimchanje. Kiungo chenye usaha kikikandwa huumia zaidi, na chale zinazopakwa dawa ya unga hufungulia wadudu wengine mlango. Zaidi ya hapo, zitamwachia mtoto makovu ambayo yana sehemu yake huko chini katika orodha hii.

Usimchome mtoto mdogo sindano ya tako. Penye ulazima, tumia paja, upande wa nje. Mashariki mwa Uganda, wilayani Kumi, madaktari wamehangaika miaka mingi na watoto ambao misuli ya tako imegeuka kovu gumu. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuchuchumaa na magoti yamekutana. Anatanua mapaja ndipo ashuke, chooni ni mateso, na darasani hakai sawasawa. Wengine mguu ulipooza pale pale kwa sababu sindano ilipiga neva kuu ya mguu. Watafiti waliofuatilia chanzo walifika kwenye sindano za misuli zinazochomwa ovyo na mara kwa mara, kwinini ikiwa mbele. Na kwinini yenyewe ilishavuliwa taji: utafiti wa AQUAMAT, uliohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Muheza na Korogwe zikiwemo, ulionyesha mwaka 2010 kwamba waliopewa artesuneti walikufa asilimia 8.5, na waliopewa kwinini asilimia 10.9. Bado yupo mzazi anayedai sindano "ya nguvu", na yupo mhudumu anayeichoma ili asionekane hakutibu. Wote wawili waache.

Pima selimundu kwa kila mtoto mwenye nyonga inayouma na kurudia. Inakadiriwa kwamba nchini Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na kichwa cha paja ni moja ya sehemu zinazokosa damu na kufa kidogo kidogo bila usaha wowote. Haidroksiyurea ipo. Utafiti wa REACH uliofanyika Angola, Kongo, Uganda na Kilifi nchini Kenya uliwafuatilia watoto 606 walioianza, na vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu. Kumpa mtoto huyo dawa ya maumivu tu kila mwezi na kumwambia bibi yake "ndiyo hali yake" ni uzembe.

Mtoto wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea na mguu umegeukia nje asitembezwe tena. Huenda kichwa cha paja kimeteleza kutoka shingoni mwake. Abebwe, apigwe picha pande zote mbili, apelekwe kwa daktari wa mifupa. Morogoro kwanza, kisha taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili ikibidi.

Mbebe mtoto mgongoni kwa mbeleko, mapaja yametanuka kiunoni mwako, na usiwasikilize wanaosema ni ushamba. Madaktari wa hospitali ya Beit CURE huko Blantyre, Malawi, walipitia majalada ya watoto 40,683 ya kuanzia 2002 hadi 2012 wasione hata mmoja aliyekuja kutibiwa nyonga iliyokua vibaya tangu kuzaliwa, tatizo ambalo nchi za baridi hulisaka kwa kila kichanga. Wakauliza kama kubebwa mgongoni si kinga. Ni swali zuri, na jibu lake halijafungwa. Ila kumfunga kichanga miguu imenyooka na kubanana ni kinyume cha mbeleko, na usifanye hivyo.

Usiandike rufaa bila kupiga simu mbele. Mikumi hadi Morogoro mjini ni kama kilomita 120, na sehemu ya njia hiyo inakatiza hifadhi ambako gari halikimbii. Masika yakishika, barabara za vumbi za Kilosa hukatika. Wanaokumbuka mafuriko ya mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyowahamisha maelfu na kung'oa reli, hawahitaji kuelezwa. Kwa kichanga na mama yake kuna namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama, haitozwi. Kwa mtoto mkubwa, uliza gari la hospitali lipo au halipo kabla hujamwambia baba "nendeni".

MDOMO

Usimtafutie mama kosa. Atasikia kwamba alimcheka mlemavu, au alikula nyama ya sungura, au kuna mtu kamtupia. Midomo ya kila binadamu huanza ikiwa vipande, na vipande hivyo huungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, mara nyingi kabla mama hajajijua kuwa ni mjamzito. Kwa mtoto mmoja kati ya takriban 700 duniani havikuungana vizuri. Kurithi kuna sehemu yake, na baadhi ya dawa, pombe na sigara vina sehemu yao. Baba anayeondoka nyumbani kwa sababu hiyo asisingizie mdomo wa mtoto.

Chungulia kaakaa siku ya kuzaliwa. Tochi na kijiko, mpaka nyuma kwenye kimeo. Mdomo unaonekana na kila mtu; kaakaa lililo wazi hujificha nyuma ya mdomo mzima, na mtoto anakonda wiki tatu kabla mtu hajajua kwa nini maziwa yanatokea puani.

Mlishe kwa kikombe. Mwenye mdomo uliopasuka peke yake mara nyingi ananyonya vizuri, mama akiziba mwanya kwa titi lenyewe. Mwenye kaakaa lililo wazi hawezi kuvuta, kwa sababu hewa inapita. Usimlazimishe titi kwa saa nzima mkachoka wote. Kamua maziwa kwenye kikombe kisafi. Mkalishe wima mapajani, kichwa kikilala kwenye mkono wako. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yaguse tu, usimmiminie. Ataramba, atapumzika, ataramba tena. Mcheulishe kila baada ya muda mfupi, maana anameza hewa nyingi. Kwa siku anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 3 ni mililita 450, gawanya mara nane. Mlo mmoja usipite nusu saa, la sivyo anatumia nguvu nyingi kuliko anazoingiza.

Mpime uzito kila wiki, si kila mwezi kama wenzake. Kadi ya kliniki ndiyo itakayompeleka chumba cha upasuaji.

Usikimbilie kisu. Tangu 1966 madaktari wamefuata kanuni ya makumi matatu: wiki 10, ratili 10 (kilo 4.5), na wekundu wa damu gramu 10. Kanuni ni ya zamani, na hospitali zenye wataalamu wa usingizi wa vichanga huweza kuilegeza. Yenu isiilegeze. Mdomo hauui. Dawa ya usingizi kwa mtoto wa kilo 3 mwenye damu 7 inaweza kuua. Kabla ya tarehe, mtibuni malaria na minyoo, mpeni madini ya chuma, na akiwa na kikohozi rudini siku nyingine bila kununa.

Lakini usisubiri "akue kwanza". Miezi mitatu hadi sita ndio wakati wa mdomo, na kaakaa hufuata kati ya miezi tisa na mwaka mmoja na nusu. Kufikia shule ya awali akiwa hajashonwa, mtoto anaitwa majina badala ya jina. Kuhusu kaakaa, utafiti mkubwa wa TOPS, uliochapishwa 2023, uliwagawa watoto 558 kwa kura: kundi moja lilishonwa kaakaa likiwa na miezi 6, jingine miezi 12. Walipofika miaka mitano, wale ambao sauti bado ilipotelea puani walikuwa asilimia 8.9 kwa kundi la mapema na 15 kwa la baadaye. Msikimbie nayo. Watoto hao walikuwa wa Uingereza, nchi za Skandinavia na Brazil, wenye afya njema, mikononi mwa wataalamu wa usingizi na wa matamshi. Mtoto wa Kidodi aliyekuwa na utapiamlo mwezi wa tano hakuwemo.

Usitumie vitabu vya ng'ambo kukadiria nani atakuja. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 240 wa hospitali ya Bugando, Mwanza: mdomo peke yake ndio uliokuwa mwingi kuliko aina nyingine, tofauti na Ulaya na Asia ambako mdomo na kaakaa kwa pamoja, au kaakaa peke yake, huongoza. Upande wa kushoto ulizidi. Maana yake kwa mzazi ni kwamba watoto wetu wengi wanahitaji upasuaji mmoja usio mrefu. Hakuna sababu ya kuficha mtoto ndani.

Usimlipe dalali. Upasuaji huu hugharimiwa na wafadhili kama Smile Train katika hospitali kadhaa nchini, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imeufanya miaka mingi. Kinachowakwamisha watu ni nauli. CCBRT ilionyesha njia mwaka 2009 ilipoanza kuwatumia wagonjwa wa fistula nauli kwa M-Pesa kabla hawajapanda basi. Uliza nauli kwa sauti, wala usione haya. Na ukipelekwa na treni ya SGR kutoka Kilosa, beba maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo kisafi, si soda.

Usimpe uji usiku wa manane kuamkia upasuaji. Chakula na maziwa ya kopo, saa 6 kabla. Maziwa ya mama, saa 4. Maji matupu, saa 2. Uji ni chakula hata ukiwa mwepesi namna gani, na bibi aambiwe hivyo mwenyewe, uso kwa uso, kwa sababu ndiye atakayeona huruma mtoto akilia.

Baada ya kushonwa, mvishe mikono migumu viwikoni asijikune. Safisha nyuzi kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Mwenye kaakaa jipya asipewe muwa, mhogo mbichi wala kijiko cha bati kuchezea kwa wiki tatu au zaidi, na watu wa Ruaha na Kidodi wanaojua jinsi muwa ulivyo karibu na mkono wa mtoto wachukue tahadhari mara mbili. Kupona jeraha si mwisho: masikio yakaguliwe, kwa kuwa mwenye kaakaa la namna hii hujaa maji masikioni na kusikia kama aliyeko chumba cha pili.

KOVU

Mimina maji ya kawaida yanayotiririka juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20. Hayo tu. Usipake dawa ya meno, yai, unga, asali, mafuta ya taa wala manyoya ya sungura. Sufuria ya uji na maji ya kuoga ndivyo vinavyounguza watoto wadogo nyumbani, na kovu baya huamuliwa mara nyingi katika nusu saa ya kwanza.

Usimwache aliyeungua kwenye kinena alale amejikunja. Atapenda kulala hivyo kwa sababu hakuumi. Kovu likikomaa hapo, nyonga itabaki imekunjwa, na tutarudi kule kule kwa mtoto asiyetembea wima. Mguu unyooshwe mapema, ikiwezekana kwa gango, na mazoezi yaendelee miezi.

Usilikate kovu lililovimba na kuota nje ya mipaka ya jeraha. Keloidi iliyokatwa peke yake hurudi mara nyingi, na hurudi kubwa kuliko ya kwanza. Sindano ya steroidi ndani ya kovu kila baada ya wiki chache, au karatasi ya silikoni inayokaa saa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi kadhaa, ndio mwanzo. Mwenye historia hiyo nyumbani kwao asitoboe masikio kwa mzaha.

Usiuhukumu mdomo ulioshonwa kabla mwaka haujapita. Kati ya wiki ya sita na mwezi wa tatu kovu hukakamaa, hufupika na kuuvuta mdomo juu, na hapo ndipo mama anapolia kwamba wameharibu. Hawajaharibu. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne, jeraha likishafunga kabisa, sugua kwa kidole chenye mafuta ya mgando, ukibonyeza kwa nguvu kiasi, dakika chache mara kadhaa kwa siku, na umkinge na jua kali. Kovu hulainika lenyewe kadiri mwaka unavyokwenda.

Mtafiti wa makovu, usitegemee wekundu. Kipimo cha Vancouver cha mwaka 1990, kinachotumiwa mpaka leo, hutoa alama kwa rangi, wekundu, ulaini na kimo cha kovu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, unaona zambarau au weusi uliozidi, na kovu lenye hasira linapewa alama ya kovu lililotulia. Bonyeza, pima kimo, kisha muulize mwenye kovu kama linawasha na kuuma. Mtoto wa miaka mitano na kuendelea ana uwezo wa kuonyesha maumivu yake kwa kuchagua kati ya picha za nyuso. Muulize yeye, si mama yake.

FOMU

Mtafiti, usiguse mtoto kabla ya kibali. Kibali cha maadili hutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya 1979. Dawa mpya ina kibali chake TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mgeni kutoka nje apitie COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Halafu Mganga Mkuu wa Wilaya, halafu ofisi ya kijiji. Kujuana na daktari si kibali.

Soma fomu kwa sauti, kwa Kiswahili cha nyumbani, na pale Parakuyo awepo anayejua Kimaa. Acha nakala. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaja mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, lakini mtoto anayeelewa akisema hataki damu yake itolewe, ametaka usitoe. Mzazi naye asiambiwe, hata kwa kukonyeza, kwamba akikataa mtoto atakosa kushonwa.

Rudisha nauli na mlo wa siku. Usiongeze juu yake mpaka ikawa mshahara.

Usipige picha ya mdomo uliopasuka kisha ukaondoka nayo. Mikumi watu wamezoea magari kusimama, vioo kushuka na kamera kutoka, lakini mtoto si twiga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sema picha itakaa wapi, nani ataiona, na itafutwa lini. Ukitaka kuiweka kwenye bango la kuchangisha fedha, rudi uombe ruhusa upya, na uje na ile ya baada ya kupona.

Usitangaze ushindi wa utafiti mmoja. Ukiiacha lami ya Iringa hapo Mikumi ukashika njia ya Kidatu na Ifakara, ukaendelea mbele ya Ifakara, unafika Idete. Huko watoto 586 wa mwaka mmoja hadi mitano walishiriki jaribio la chanjo ya malaria ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo ya 1994 yaliipa chanjo hiyo kinga ya asilimia 31, na dunia ikasikia. Ilipojaribiwa tena kwa vichanga huko huko Ifakara, kinga ilikuwa asilimia 2. Waliofanya kazi hiyo walichapisha habari mbaya kwa uwazi ule ule wa habari njema, na ndiyo sababu Ifakara bado inaaminika. Utafiti wa nyonga, wa mdomo na wa kovu ufuate mkondo huo: watoto waliotoroka kliniki wahesabiwe, walioshonwa mara mbili wahesabiwe, na aliyefariki mezani asigeuzwe kuwa "hakufuatiliwa".

Rudi na matokeo. Ukurasa mmoja kwa Kiswahili ubandikwe kwenye ubao wa zahanati, mwingine usomwe kwenye mkutano wa kijiji na mtu atakayekaa mpaka maswali yaishe, na chini yake iandikwe namba ya simu ambayo mzazi akiipiga miezi sita baadaye, kovu limekakamaa au mguu umeanza tena kuuma, mtu atapokea.